Si Kizunguzungu

Jumatatu, 2 Machi

Daktari wa zahanati amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Amesema nitafute daftari, kila siku niandike nimeyumba mara ngapi, wapi, na nilikuwa nafanya nini. Nadhani alitaka tu nitoke ofisini kwake, maana vipimo vyote vimerudi safi. Damu inatosha, presha iko sawa, sukari iko sawa. Kwenye kadi aliandika "kizunguzungu". Nikamwambia si kizunguzungu. Akauliza ni nini basi. Nikafungua mdomo, nikakosa neno.

Nijaribu hapa. Kizunguzungu nakijua. Utotoni tulikuwa tunajizungusha uwanjani mpaka tunaanguka huku tukicheka, na mbingu inaendelea kuzunguka bila sisi. Hiki sicho. Hakuna kinachozunguka. Nikisimama tuli, vitu vyote vinatulia na mimi. Nikipiga hatua, kila kilicho mbele yangu kinaruka: mlango, taa, uso wa mtu anayekuja kunisalimia. Na miguu haiiamini tena sakafu. Inaikanyaga kama inakanyaga godoro.

Leo mara tatu. Ngazi za zahanati, njia ya kokoto, bafuni.

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Mara mbili.

Alhamisi, 5 Machi

Daktari hakusema nimweleze kazi yangu, lakini bila hiyo hataelewa.

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa kumi na nne sasa. Tunapaka shule ya ghorofa tatu na sehemu yangu ni juu kabisa: fremu za madirisha na ule mstari wa bluu chini ya paa. Mstari wa juu hupewi hivi hivi. Lazima mkono uwe umetulia na moyo usiwe na haraka. Tangu nilipopewa mara ya kwanza sijawahi kuurudisha kwa mtu.

Mwenzangu wa juu ni mtu mmoja tunamwita Kimya. Akitaka ndoo anaionyesha kwa brashi, akitaka chai anaangalia jua. Miaka sita tumefanya kazi bega kwa bega kwenye mbao za jukwaa la mabomba tunalosimama juu yake, na sidhani ameniambia maneno yanayojaza ukurasa huu.

Zamani nilitembea juu ya mbao zile kama natembea chumbani kwangu. Sasa nakwenda ubavu ubavu, mkono mmoja kwenye bomba, na mstari wangu unarukaruka mpaka nisimame ndipo nao usimame. Kimya anaona. Hajasema kitu, lakini huyo hata akiona nyumba inaungua hasemi.

Mara nne.

Jumapili, 8 Machi

Mume wangu amepiga simu. Anaendesha lori la masafa marefu, na safari hii ilianza katikati ya Februari. Aliuliza hali. Nikasema mzima kabisa. Akauliza mbona sauti imepooza. Nikasema mvua. Tukacheka. Anarudi mwisho wa mwezi, akasema, mke wangu usinisahau. Baada ya kukata simu nilikaa nayo mkononi mpaka ikapoa.

Simwambii kwa sababu namjua. Ataegesha lori popote alipo na kupanda gari la kwanza kurudi, na kazi hiyo aliitafuta miaka miwili.

Mara mbili, zote bafuni.

Jumatano, 11 Machi

Nimwandike Mama mkwe, maana yumo ndani ya mambo haya atake asitake.

Alikuja mwaka jana nilipolazwa kwa figo, akasema atakaa mpaka nipone. Nilipona, yeye akabaki. Si mtu mbaya. Ila ana macho. Nikipita, yananifuata. Nikitoka bafuni namkuta amekaa kwenye kigoda pale koridoni, anachambua mchele ambao nina hakika ulishachambuliwa. Nikigusa ukuta ili nisiyumbe, nasikia mkono wake umeacha kuchambua.

Wiki hii ameanza kunipikia mayai mawili kila asubuhi. Jana akaniambia nisibebe ndoo. Leo nimeelewa: anadhani nina mimba. Nina miaka thelathini na tisa, na miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto. Sikuweza kumwambia hapana kwa mdomo, kwa hiyo nikanunua kipimo, nikapima, nikakiacha juu ya meza ya jikoni akione mwenyewe. Nilijua jibu. Lakini kwa zile dakika tatu za kusubiri nilisimama na kushika ukingo wa sinki, na sikuwa nimeshika kwa sababu ya kuyumba.

Kipimo hakikuwepo mezani niliporudi. Mayai mawili yaliendelea.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua siku nzima, hatukupanda. Sikuyumba hata mara moja kwa sababu sikuinuka kitandani.

Jumatano, 18 Machi

Siku ya aibu.

Umeme ulikatika mtaa mzima nikiwa narudi kutoka kazini. Njia ilikuwa tope tupu na giza limeanza kuingia. Kukiwa na mwanga najiongoza kwa macho, nashikilia mti ule, mlango ule, kama mtu anayevuka kwa kamba. Giza lilipoingia, kamba ikakatika. Nilitembea kama mlevi. Nasema kama mlevi kwa sababu ndivyo walivyoona wote waliokuwa wamejikinga mvua kwenye baraza ya duka. Nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Mwenye duka, ambaye duka lake nimelipaka rangi kwa mikono hii, akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, leo umeanza mapema."

Wengine wakacheka. Si kicheko cha ubaya. Ningependa kingekuwa cha ubaya, ningejua la kujibu.

Nilipofika nyumbani Mama mkwe alinisogelea karibu sana, kama mtu anayetaka kuninong'oneza, akavuta pumzi kwa pua. Alikuwa ananinusa. Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi na miwili, sijawahi kuonja pombe, na leo nimenuswa mlangoni. Nilipita bila kumwamkia. Nguo zenye tope nilizivua peke yangu, na nilipopitisha gauni kichwani nikaanguka juu ya kapu la nguo chafu.

Mara ngapi? Sikuhesabu.

Ijumaa, 20 Machi

Daktari wa macho. Amesema macho yana uchovu kidogo, akanipa miwani. Sasa vitu bado vinaruka, ila naviona mpaka mikwaruzo yake.

Jumatatu, 23 Machi

Msimamizi wetu ameniita pembeni asubuhi. Alikuwa anazungumza huku akikunja na kukunjua karatasi, nikajua ni habari mbaya, maana kwa kawaida huyu bwana anagombeza bila kukunja kitu. Akasema kuanzia leo nitachanganya rangi chini. Nikauliza nimekosa nini. Akasema hakuna kosa, ni usalama tu, kuna mtu amemwambia sisimami vizuri.

Watu wa juu ni wawili. Mmoja ni mimi.

Nilimtafuta Kimya kwa macho. Alikuwa tayari amepanda, amenipa mgongo.

Siku nzima nimekoroga rangi. Kukoroga rangi si dhambi, nilianza nayo kazi hii. Lakini kila nilipoinua uso nilimwona fundi mwingine juu, kwenye mbao zangu, anavuta mstari wangu. Kuna upepo kule juu ambao huku chini haufiki. Kuna saa kama ya nne ambapo jua linagonga ukuta na rangi mbichi inang'aa kwanza kabla ya kukauka, na ukiwa umeikaribia kiasi kile unaona ukuta mzima unapumua. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba naipenda hiyo saa ya nne. Nilidhani ni kazi tu.

Jumanne, 24 Machi

Mume wangu amepiga. Mto umejaa, daraja limekatika, malori yamepanga foleni ng'ambo ya pili na haijulikani ni lini. Akaniuliza hali. Mzima kabisa.

Jumatano, 25 Machi

Daraja bado. Mara tatu.

Ijumaa, 27 Machi

Daraja bado. Kimya amenisalimia, sikuitikia.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nitaandika yote, hata kama nitamaliza kurasa.

Asubuhi kulikuwa na jua, la kwanza baada ya siku nne, na mawingu yanajikusanya kwa nyuma. Fundi aliyechukua nafasi yangu hakuja, mtoto wake anaumwa. Kulibaki hatua kama kumi na tano za mstari wa juu, na Msimamizi alikuwa ameahidi upande ule ukamilike leo. Akatazama mawingu. Akanitazama mimi. Nikamwambia naweza. Akasema nusu saa, na nisiachie bomba.

Nilipanda ngazi ile kama mtu anayerudi kwao. Nilipofika juu niliweka shavu kwenye ukuta, ukiwa na joto la jua, na sikujali Kimya anaona. Nikaanza. Hatua moja, simama, subiri mstari utulie, vuta. Hatua moja, simama. Mkono ulikuwa mkono wangu wa siku zote. Hatua tano, sita, saba. Nilikuwa na furaha, daktari, ukisoma hapa ujue hivyo.

Hatua ya nane inakwenda chini ya paa, inabidi uinue kichwa. Nikainua. Tone la rangi likaniingia jichoni. Nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya: nikafumba macho yote mawili.

Hapo sikuhisi kitu. Hilo ndilo linalonitisha. Sikuhisi kuanguka, sikuhisi kuinama. Nilikuwa nimesimama wima katika giza langu, nasubiri jicho liache kuwasha, na mara kitu kikanikaba kifuani. Nikafumbua macho nikaona mawingu. Nilikuwa nimelala hewani kinyumenyume, visigino kwenye ukingo wa mbao, na Kimya ameshika mikanda ya ovaroli yangu kwa mikono yote miwili, miguu yake ameizungusha kwenye bomba. Ndoo yangu ilikuwa imeshakwenda. Nilisikia ikitua. Baadaye nikaambiwa ilitua hatua mbili kutoka kwa Msimamizi, na kwamba mwamvuli wake sasa ni wa bluu.

Kimya alinivuta, akanikalisha, akakaa mbele yangu ili nisione chini. Tulikaa mpaka pumzi zikarudi. Kisha yule mtu asiyesema akasema.

"Ulikuwa unalala nyuma taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani. Hukujua?"

"Sikujua."

"Wiki tatu nakuona. Mumeo hayupo nimwambie. Wewe ningekwambia ungenikatalia." Akafuta rangi usoni mwangu kwa kitambaa chake. "Nikaona bora unichukie ukiwa chini."

Tukashuka, yeye akitangulia ngazi moja chini yangu, mkono wake kwenye kifundo cha mguu wangu, mpaka ardhini. Mvua ikaanza. Msimamizi hakunigombeza. Alikunja mwamvuli wake ule akaniambia niende nyumbani.

Jumanne, 31 Machi

Jana niliingia nyumbani nikiwa na jicho jekundu na nusu ya uso wa bluu. Mama mkwe aliuliza, na kwa mara ya kwanza sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamweleza yote.

Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake. Nilipofika pale pa kufumba macho, akainua mkono ninyamaze.

"Unaanguka ukifumba macho," akasema. "Si jana tu. Bafuni unaanguka unaponawa uso, nasikia maji yanaacha kumwagika kisha nasikia kishindo. Umeme ukikatika, unaanguka. Ukivua gauni, unaanguka. Macho yakiwa wazi huanguki, unapepesuka tu. Tangu Januari naangalia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu kila sababu kwanza peke yake. Alidhani ni njaa, akanipa mayai. Alidhani ni mimba, akaomba iwe mimba. Ile siku ya giza alidhani ni pombe, na akaomba iwe pombe, kwa sababu pombe mtu anaweza kuiacha.

Mwaka mzima nilidhani ananichunguza. Kumbe alikuwa ananichunga.

Alhamisi, 2 Aprili

Tumekwenda zahanati pamoja. Daktari alisoma daftari hili, yote, hata pasipomhusu, na mimi nikawa natazama dari. Alipolifunga, Mama mkwe akamwambia lile la macho, kwa mpangilio, kama shahidi. Daktari akanisimamisha, miguu pamoja, mikono kifuani, akaniambia nifumbe macho. Nikamwangukia.

Ni kijana mwepesi, tulikaribia kwenda chini wote wawili. Alipojiweka sawa aliomba radhi. Si kwa kuanguka, kwa kutonifumbisha macho ile siku ya kwanza. Akaniandikia barua ya hospitali kubwa, kwa daktari wa masikio. Tarehe 16.

Masikio. Mimi nasikia hata paka akipita darini.

Jumapili, 5 Aprili

Daraja bado. Mume wangu anasema madereva wamegeuka kijiji, wana hadi mtu wa kunyoa. Anasema usiku analala kwenye kiti cha lori na upande wangu wa kitanda. Sikuelewa, akarudia: analala akiacha nafasi yangu.

Jumatano, 8 Aprili

Daraja bado. Mara mbili.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Daraja bado. Nimeota natembea juu ya mbao, na katika ndoto sikuwa naangalia miguu.

Alhamisi, 16 Aprili

Hospitali kubwa. Tulifika saa moja asubuhi, tukaitwa saa tano.

Daktari wa masikio ni mwanamume mtu mzima mwenye sauti ya chini na pua ambayo si ndogo. Nataja pua kwa sababu ndiyo kipimo cha kwanza: alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia niitazame pua yake nisiiachie, kisha akakigeuza kichwa ghafla, kulia, kushoto. Kila alipogeuza, pua ilinitoroka na ikabidi niifukuze. Akasema, "Ahaa," polepole, akarudia mara tatu. Akanisomesha herufi ukutani. Nikiwa nimetulia nilisoma mpaka mstari wa tisa. Akaniambia nisome huku muuguzi akinitikisa kichwa, nikaishia wa tatu. Akanisimamisha juu ya kipande kinene cha sponji, nikafumba macho, na safari hii aliyenidaka ni Mama mkwe. Alikuwa ameshajipanga nyuma yangu bila kuambiwa.

Mwisho wakanilaza na kunimiminia maji sikioni, ya baridi, kisha ya uvuguvugu, sikio moja kisha la pili. Muuguzi alinipa beseni, akaniambia watu wengi wanahisi chumba kinazunguka na wengine wanatapika. Nikasubiri. Sikuhisi chochote ila baridi. Nilirudisha beseni likiwa safi, na nikajivunia kidogo. Kumbe ndicho kilichokuwa kibaya.

Alitueleza akiwa amekaa, kwa hilo namshukuru. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayosikia, kuna kiungo kidogo kinachojua kichwa kimeelekea wapi. Hicho ndicho kinachotuliza macho mtu akitembea, na ndicho kinachomshikilia mtu gizani. Kikifa upande mmoja, dunia inazunguka na kila daktari atajua. Vikifa vyote viwili pamoja, hakuna kinachozunguka, kwa sababu hakuna kinachobaki cha kubishana. Mtu anabaki na macho na nyayo zake tu.

Kisha akauliza kama nimewahi kulazwa na kuchomwa sindano kwa siku nyingi.

Mimi nilikumbuka homa tu. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Siku kumi na nne, asubuhi na jioni, mkono wa kushoto, baadaye wa kulia. Alikuwepo kila sindano. Akataja rangi ya kichupa.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akasema dawa ile iliokoa maisha yangu, figo zile zingeniua. Na kwa watu wachache dawa hiyo hiyo inaondoka na kiungo kile. Hakuna aliyekosea.

Nikauliza kitarudi lini.

"Hakirudi," akasema. "Lakini wewe unaweza kujifunza kuishi bila hicho. Kuna mazoezi. Utatembea vizuri zaidi ya sasa."

Nikauliza kuhusu kupanda. Nadhani alikuwa anategemea swali jingine. Akanitazama mikono, ina rangi kwenye kucha siku zote, akasema hapana. Si mwaka huu. Hapana.

Tulipofika nyumbani Mama mkwe alijifungia chumbani kwake. Nilimsikia analia, na nikajua analilia zile sindano, kwamba alikaa pale akinishika mkono ili wanichome vizuri. Nikagonga mlango. Nikaingia bila kuambiwa ingia.

Ijumaa, 17 Aprili

Miezi minne nimetafuta jina la ugonjwa huu. Sasa ninalo, limeandikwa kwenye karatasi, refu kuliko mstari. Nilidhani nikilipata nitafurahi.

Jumapili, 19 Aprili

Hakuna cha kuhesabu. Nimetamani juu.

Jumanne, 21 Aprili

Nimemwambia. Alipouliza hali nikasema, mume wangu, si mzima, sijawa mzima tangu Januari, nimekudanganya kila Jumapili. Nikaeleza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza ukimya ukawa mrefu nikadhani mtandao umekata. Nikaita. Akasema yupo.

Akauliza swali moja tu, kama hata Februari alipokuwa likizo nyumbani nilikuwa na hali hii. Nikasema ndiyo. Akasema sawa. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na sikujua nimemjeruhi wapi. Amekasirika, nadhani, na ana haki.

Daraja bado.

Alhamisi, 23 Aprili

Mazoezi. Unanyoosha mkono, unatazama kidole gumba, unakataa kwa kichwa, hapana hapana hapana, kidole kisiruke. Kisha unakubali, ndiyo ndiyo ndiyo. Mama mkwe anahesabu. Baada ya hapo koridoni, natembea huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia, yeye nyuma yangu, mikono mbele, kama tunacheza treni. Jirani alichungulia akaona wanawake wawili wazima wanacheza treni, akarudisha kichwa chake ndani.

Natapatapa. Inachosha kuliko kupaka nyumba nzima.

Jumapili, 26 Aprili

Hakupiga.

Jumanne, 28 Aprili

Kimya amekuja kunitembelea. Alikaa, akanywa chai, akaangalia mazoezi yangu yote bila neno, akasaidia kuhesabu kwa vidole. Alipoinuka akasema Msimamizi anauliza kama nitapaka madarasa ya chini na korido, pamoja na kuandika majina ya vyumba juu ya milango. Nikauliza mlango una urefu gani. Akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya kichwa chake.

Nilitaka kukataa. Ile ni kazi ya wanaoanza. Nikasema nitafikiri. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kule juu siku hizi hakuna mtu wa kunyamaza naye vizuri. Kisha akaenda kabla sijamwona uso.

Ijumaa, 1 Mei

Nimeandika "Darasa la Kwanza". Herufi kumi na nne, saa nzima. Nikiwa nimesimama, mkono ni ule ule.

Jumapili, 3 Mei

Mvua imekuwa ya manyunyu tu. Daraja limefunguliwa jana jioni, nimesikia redioni, si kwake. Hajapiga tangu Jumanne ile.

Jumanne, 5 Mei

Bado. Mama mkwe amepiga deki nyumba nzima, amebadili mashuka yangu bila kuniuliza. Yeye hajapigiwa pia, lakini anasema anamjua mwana aliyemzaa.

Jumatano, 6 Mei

Amekuja.

Nilikuwa natoka kazini. Alikuwa amesimama nje ya geti la shule na begi lake, amekonda, ndevu ambazo mtu wa kunyoa wa kule hakuzifikia. Nilianza kumwendea haraka, na nikienda haraka uso wa mtu unaruka, kwa hiyo mume wangu niliyemngoja siku themanini alinijia vipande vipande. Nikasimama ili nimwone. Akaelewa, akasimama pia, akaniacha nimtazame mpaka nitosheke. Kisha akaja yeye.

Tukaanza kwenda nyumbani, nimemshika mkono. Nikaomba radhi kwa uongo. Akasema si uongo uliomnyamazisha. Tukatembea kidogo, akilitafuta neno kama anavyotafuta gia kwenye kilima.

"Ile likizo ya Februari," akasema, "kila tulipotoka ulinishika mkono. Sokoni, dukani, kila mahali. Miaka kumi na miwili, hujawahi kunishika mkono barabarani. Ulikuwa unaniambia wewe si mtoto. Nimeendesha safari nzima nikijisemea mke wangu amenirudia upya. Kule kwenye foleni niliwasimulia hata wenzangu." Akacheka, lakini kidogo. "Halafu unaniambia ilikuwa sikio."

Ni kweli nilimshika ili nisianguke. Nilikumbuka hata mahali, pale njia inapoteremka. Lakini nilikumbuka pia kwamba baada ya kupita mteremko sikumwachia, na kwamba alipoondoka, mkono wangu ulibaki unamtafuta kwenye kila ukuta.

"Ilianza na sikio," nikamwambia.

Akanitazama kuona kama namhurumia tu. Sijui aliona nini. Jua lilikuwa bado halijazama, njia ilikuwa imekauka, na mbele yetu kulikuwa na sehemu ndefu iliyonyooka, hatua hamsini hivi, ambayo kwa mazoezi yangu ya sasa naiweza peke yangu. Daktari angetaka niijaribu.

Sikumwachia.